Supu Bila Kijiko

Daktari wa mji wa Soria, Hispania, alimwambia Eladio Marugán asiseme neno kwa siku ishirini na moja. Si kwa sauti, si kwa kunong'ona. Kunong'ona, alisema, ni kubaya zaidi. Alikuwa amemtoa kinundu kwenye nyuzi za sauti, kikubwa kama punje ya dengu, na Eladio angefungua mdomo kabla ya muda, nyuzi zingepona vibaya na sauti ingebaki kama ya mlango wa banda.

Eladio alitaka kuuliza swali. Daktari akamnyooshea kidole. Hakuuliza.

Kwa mtu mwingine siku ishirini na moja za kunyamaza zingekuwa likizo. Kwa Eladio zilikuwa balaa, maana alikula kwa mdomo kama watu wote, lakini pia alifanya kazi kwa mdomo. Kwa miaka arobaini na moja alikuwa mhudumu wa Casa Hermógenes, nyumba ya kulia chakula pale Valdehornos, kando ya barabara ya malori, na nyumba hiyo haikuwahi kuwa na orodha ya vyakula iliyoandikwa. Si ubaoni, si kwenye karatasi. Mteja aliketi, akakunjua leso, na Eladio akaja, akasimama mikono nyuma, akavitaja vyakula vya siku: vitatu vya kwanza, vinne vya pili, vitatu vya utamu. Alikuwa na mwendo wake. Alipanda kwenye supu, akashuka kwenye dengu, akapumzika kidogo kabla ya kondoo. Kulikuwa na madereva wa malori waliojua kila kitu kilichopikwa mle tangu siku ya kuzaliwa kwao, na bado hawakuagiza mpaka wasikie kikitajwa. Hivyo ndivyo alivyofanya marehemu Hermógenes, baba mkwe wake, na ndivyo alivyotaka Visi, mkewe, mwenye nyumba na mwenye jiko.

Siku ya tatu ya kunyamaza alikuja Ramiro, mtoto wa kaka yake Visi. Alivaa viatu vyeupe visivyofaa mji mdogo kama ule. Akapanga mezani vibao vidogo vya plastiki, kila kimoja kina mraba mweusi wa kupigwa picha kwa simu.

"Shangazi, tazama. Mteja anaketi, anaelekeza simu hapa, vyakula vyote vinatokea na picha zake. Hakuna haja ya mtu kusimama pale kama kasisi."

"Na asiye na simu?"

"Nani hana simu siku hizi?"

"Leandro, yule daktari wa mifugo."

"Leandro ana miaka themanini na tatu, shangazi. Unajenga biashara juu ya Leandro?"

Visi akajiegemeza mezani. Kwa siku tatu alikuwa anapika mwenyewe na kupeleka sahani mwenyewe, na miguu yake ilikuwa imeumuka kama mikate. Nyuma ya kaunta Eladio alikuwa anafuta bilauri ileile kwa mara ya nne.

"Usinitazame hivyo," Visi akamwambia. "Mimi si punda. Kama una dawa, itoe."

Eladio akachukua leso ya karatasi akaandika. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na moja, na mwandiko wake ulikuwa kama kuku aliyepita juu ya unga. Visi akaigeuza leso juu chini, akairudisha.

"Hii ni nini? Do... Dobrin? Dobrin gani?"

Eladio akanyoosha kidole kwenye dirisha la jikoni. Nyuma ya dirisha, mikono imezama kwenye povu, alikuwa amesimama Dobrin mwenyewe.

Ramiro akacheka mpaka akaketi.

Dobrin Vachkov alikuwa Mbulgaria wa Vidin, mtu wa miaka arobaini na tisa, zamani fundi wa matrekta. Alikuwa na miezi minne hapo, akiosha vyombo. Kihispania chake kilikuwa na maneno tisa. Saba kati ya hayo yalikuwa yale anayopigiwa kelele na Visi: haraka, moto, toka, siyo hapo, hicho, tena, na Mungu wangu. Mawili yaliyobaki yalikuwa ndiyo na asante.

"Dobrin, njoo!" Visi akaita. Halafu akasema polepole, kwa sauti kubwa, kana kwamba maji ya sinki yameingia masikioni mwa mtu huyo: "Unataka – kuhudumu – mezani?" Akaonyesha meza, akaigiza kubeba sahani, akaonyesha miguu yake iliyovimba.

Dobrin akakipeleka kichwa kushoto na kulia.

"Hataki," akasema Visi.

Lakini Dobrin hakuondoka. Alisimama pale, povu likimdondoka kwenye viwiko. Visi akamuuliza tena. Kichwa kikaenda tena kushoto na kulia, kwa nguvu zaidi, na mdomo ukasema: "Ndiyo."

"Anakataa kwa kichwa na kukubali kwa mdomo," akasema Ramiro. "Mhudumu bora kabisa. Mpe na kipaza sauti."

Visi aliwatazama wote watatu, mmoja mmoja. Halafu akatoa hukumu yake, na kila mtu pale Valdehornos anajua kwamba Visi akisema jambo amesema.

"Jumamosi ya wiki ijayo ni sikukuu ya mji. Ukumbi utajaa. Huyu akiuhudumia ukumbi mzima kwa mdomo, na isirudi jikoni hata sahani moja ambayo mteja ameikataa, basi mdomo unabaki na yeye ndiye mhudumu. Ikikataliwa moja, Ramiro, Jumatatu unabandika vibao vyako na mimi nanunua simu."

"Moja tu?"

"Moja."

Eladio akaiweka ile bilauri chini. Alikuwa na siku kumi za kumfundisha mtu asiyejua kusema, na yeye mwenyewe haruhusiwi kusema.

Jioni hiyo alikwenda duka la dawa kuchukua sharubati ya koo. Mwenye duka, Casilda, alikuwa ameshasikia habari, kwa sababu Ramiro alikuwa amepita hapo kuzisambaza.

"Huyo hakukataa," akamwambia. "Wabulgaria vichwa vyao viko kinyume na vyetu. Kwao kushoto-kulia ndiyo ndiyo, na juu-chini ndiyo hapana. Nilikwenda likizo Varna, huko kwao, mimi. Mhudumu ananiuliza nataka kahawa, nainamisha kichwa, anaondoka. Siku mbili sikuonja kahawa, nikadhani wananichukia."

Eladio alilipa akarudi nyumbani akifikiria. Alikuwa mtu wa maneno makavu lakini hakuwa na roho mbaya. Aliona Mbulgaria tayari ana mzigo wa kutosha: maneno, sahani, Visi. Angalau kichwa apunguziwe. Akaamua kwamba tangu siku hiyo, yeye Eladio, akimjibu Dobrin kwa kichwa, atamjibu Kibulgaria. Akajizoeza mbele ya kioo cha kunyolea. Kushoto-kulia, ndiyo. Juu-chini, hapana. Kioo hakikumpinga.

Mafunzo yalianza kesho yake saa kumi, wateja walipokwisha kuondoka. Eladio alitandika meza nambari nne kwa kitambaa safi na hakuweka kitu kingine. Akamketisha Dobrin. Akasimama mbele yake, mikono nyuma.

Dobrin alikuwa na kijitabu cha watalii alichopewa na binamu yake, kimechanika, kimebakiza sura tatu: mgahawani, hotelini, na kwa daktari wa meno. Akakifungua. Akatafuta.

"Sopa," akasema.

Eladio akaleta supu ya vitunguu saumu, inafuka moshi, yai limelala chini. Akaiweka. Akasimama tena, mikono nyuma.

Dobrin akaitazama supu. Akatazama kushoto kwa bakuli, akatazama kulia. Hapakuwa na kijiko. Akamtazama Eladio. Eladio alikuwa anatazama dari. Dobrin akarudi kwenye kijitabu, akateremsha kidole kwenye orodha ndefu isiyo na picha.

"Cuchillo," akasema.

Eladio akamletea kisu. Kisafi, kimenolewa.

"Mpe kijiko, we katili!" Visi akapiga kelele kutoka dirishani. "Mtu wa watu anakula supu kwa kisu!"

Eladio hakusogea. Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yake yote, na haikuhitaji sauti: ulichotamka ndicho utakacholetewa. Usichotamka hakipo. Dobrin alielewa. Aliinua bakuli kwa mikono miwili akanywa supu yote, halafu akalikata yai kwa kile kisu vipande vinne sawasawa, kama mtu anayegawa urithi. Akaosha bakuli mwenyewe.

Siku ya pili, kabla ya kuketi, kabla ya salamu, alisema: "Cuchara."

Akaletewa kijiko. Neno hilo halikumtoka tena kichwani maisha yake yote, na kila alipoagiza chakula mahali popote alianza nalo.

Siku ya tatu alitaka divai akataja siki. Akaletewa bilauri ya siki, akainywa mpaka chini huku akimtazama Eladio machoni. Siku ya nne alitaja vitu vitatu vya utamu na hakutaja kingine, akala kastadi, wali wa maziwa na jibini la asali, akapiga mbweu. Siku ya tano aliagiza, kama chakula kikuu, vijiti vya kuchokolea meno. Vililetwa kwenye sahani kubwa, vimepangwa vizuri, na kipande cha limau pembeni.

"Jamani," akasema Visi, "huu ni ufundishaji au ni kesi ya polisi?"

Siku ya sita Dobrin aliagiza saladi, akaletewa saladi. Aliagiza mkia wa ng'ombe, akaletewa. Aliagiza mkate, chumvi, maji yasiyo baridi, uma mwingine kwa sababu huu umeanguka. Siku ya nane aliangusha uma kusudi ili apate nafasi ya kulisema neno hilo tena. Siku ya tisa alirudisha nyama akilalamika kwamba haijaiva, na ilikuwa kweli haijaiva; Eladio alikuwa amemwekea mtego. Usiku ule Eladio alilala vizuri.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomsumbua. Kesho yake asubuhi, akiwa anapanga bilauri, alisikia sauti kutoka jikoni, juu ya mlio wa maji. Ilikuwa inataja vyakula. Ilipanda kwenye supu, ikashuka kwenye dengu, ikapumzika kabla ya kondoo. Mwendo ulikuwa wa Eladio mwenyewe, hatua kwa hatua. Dobrin alikuwa ameusikia kupitia dirisha kwa miezi minne. Lakini kabla ya dengu sauti ilikohoa. Kikohozi kikavu, mara mbili. Halafu ikaendelea.

Eladio alikuwa anakohoa hapo kwa miaka miwili. Ni kile kinundu. Dobrin alidhani kikohozi ni sehemu ya chakula cha siku.

Eladio alifikiri jinsi ya kumwambia akiache. Hakupata njia. Daktari alikuwa amemkataza hata kukohoa.

Jumamosi ilikuja na tarumbeta. Bendi ya mji ilianza kupiga uwanjani saa sita, na saa nane kasorobo ukumbi ulikuwa na watu arobaini na wawili. Ramiro alikaa karibu na mlango na kahawa moja na mfuko wa vibao. Hakuagiza chakula. Alikuja kuhesabu.

Dobrin alivaa shati jeupe la Eladio, limembana mabegani, na aproni yenye jina la nyumba. Alikwenda kwanza meza ya dirishani, kwa Leandro daktari wa mifugo na wenzake wanne wa karata. Akasimama mikono nyuma. Akataja. Alipofika kabla ya dengu, akakohoa mara mbili.

Leandro akashusha miwani.

"Huyu ni Eladio mtupu," akasema. "Hata kikohozi kipo."

"Tena kimekaa mahali pake," akasema mwenzake.

"We Mbulgaria, rudia tena kondoo. Nimependa hapo kwenye kondoo."

Dobrin akarudia. Wakaagiza vya kwanza wote watano, na supu zikaja na vijiko.

Kwa nusu saa mambo yalikwenda bila doa. Visi alikuwa anatoa sahani dirishani, Dobrin anazibeba, na Eladio amesimama mwisho wa kaunta, mahali ambapo anaona trei za jikoni na ukumbi kwa pamoja. Kelele zilikuwa nyingi mno kuulizana. Ikiwa Dobrin angetaka kujua kama kitu bado kipo, angetaja jina lake akimtazama Eladio, na Eladio angemjibu kwa kichwa. Walikuwa hawajawahi kufanya hivyo kabla; katika mafunzo kichwa hakikuwa na kazi.

Saa nane na nusu meza ya dirishani ilimaliza supu.

"Sasa," akasema Leandro, akijipangusa, "kondoo bado yupo?"

Dobrin akageuka. "Kondoo?"

Eladio akatazama trei. Palikuwa na sehemu kumi na moja za kondoo, ngozi imekauka vizuri, rangi ya dhahabu. Akapeleka kichwa kushoto na kulia, kwa upole, Kibulgaria.

Dobrin akamgeukia Leandro. "Kondoo amekwisha."

"Amekwisha! Saa nane na nusu, siku ya sikukuu, kwa Hermógenes, kondoo amekwisha?" Leandro akawatazama wenzake kama mtu aliyeambiwa kanisa limehamishwa. "Haya. Trauti je?"

"Trauti?"

Trauti walikuwa wamekwisha. Wawili wa mwisho walikwenda meza ya tatu robo saa iliyopita. Eladio akainamisha kichwa, juu na chini.

"Wapo," akasema Dobrin.

"Watano basi."

Dobrin akafika kwenye dirisha la jikoni. "Trauti tano!"

"Trauti gani?" Visi alitoa kichwa, nywele zimemganda kwenye paji la uso. "Sina trauti hata mkia! Na kondoo wangu mbona hatoki? Nina trei nzima inanikaukia hapa! Nani anakula nini huko?"

Dobrin akamtazama Eladio. Eladio akamtazama Dobrin. Hapo Eladio akaanza kuelewa. Alifungua mdomo.

"Thubutu!" Visi akamnyooshea upawa. "Neno moja tu, na utalala kwa Práxedes, ng'ambo ya uwanja!"

Akaufunga.

Mhudumu yeyote wa Hispania angejua la kufanya. Angerudi mezani, angepiga kifua, angemlaumu mpishi, angemsifu kondoo, na mambo yangeisha kwa kicheko. Lakini Dobrin hakufundishwa na mhudumu yeyote. Alifundishwa kwenye meza nambari nne, na pale alikunywa siki na kuletewa sahani ya vijiti vya meno. Katika nyumba hiyo hakuwahi kuona neno likitamkwa halafu lirudishwe mdomoni. Trauti tano zilikuwa zimetamkwa. Akafungua mlango wa nyuma akatoka.

Eladio alimwona kupitia dirisha la ukumbi akikata uwanja katikati ya bendi, akiinama chini ya tarumbeta kubwa, akielekea upande wa pili. Upande wa pili ni mgahawa wa Práxedes, mshindani wao. Práxedes na Eladio walikuwa hawajasemezana miaka kumi na tisa, tangu bahati nasibu ya kanisa na lile paja la nguruwe lililokaushwa ambalo kila mmoja alidai tiketi yake ndiyo iliyolishinda.

Dobrin aliingia kwa Práxedes na kuketi. Hakusimama kaunta, aliketi mezani, kwa sababu alijua chakula huletwa kwa aliyeketi. Práxedes akaja. Akasoma jina kwenye aproni, akalisoma tena. Midomo ya Dobrin ikasogea. Eladio, kutoka upande huu wa uwanja, aliweza kuyafuata maneno yote. Kwanza kijiko. Halafu trauti tano.

Baada ya dakika kumi walivuka uwanja wawili. Dobrin alibeba sahani mbili na kijiko mfukoni. Práxedes alibeba tatu, moja ikiwa juu ya mkono kama zamani yeye na Eladio walipokuwa vijana na kuhudumu harusi pamoja. Práxedes alifika mpaka kizingiti cha mlango wa nyuma, akasimama hapo. Akampa Dobrin sahani zake. Akamtazama Eladio.

"Nasikia huwezi kusema," akasema. "Miaka kumi na tisa nimeingoja siku hii. Nikwambie yote, na wewe usijibu."

Eladio akangoja.

Práxedes akafikiri. Akakuna sikio.

"Sasa nimesahau," akasema, akaondoka.

Sahani tano zilifika meza ya dirishani. Ramiro alisimama na kusogea karibu, kwa sababu kila mtu anajua trauti ya Casa Hermógenes hupakwa unga na kukaangwa, basi. Leandro alipasua samaki wake kwa uma. Ndani palikuwa na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa, nyekundu, inang'aa mafuta.

"Visi amebadilisha mapishi," akasema Leandro.

Meza nzima ikashusha uma. Meza za jirani pia zikashusha uma, kwa sababu huko watu husikiliza chakula cha wenzao. Visi alikuwa ameganda dirishani. Ramiro alikuwa ameshika egemeo la kiti. Leandro akatafuna, polepole, kama mtu anayesikiliza moyo wa ng'ombe.

"Miaka sitini nakula trauti katika nyumba hii," akasema mwishowe. "Leo ndiyo wamejifunza."

Akala mpaka ikabaki miiba. Wenzake wanne nao wakala mpaka ikabaki miiba, wakapangusa mafuta kwa mkate.

Visi alitoka dirishani, na kilichosikika jikoni ni sufuria.

Dobrin akaja mwisho wa kaunta, akamwinamia Eladio.

"Mzee Eladio," akasema. "Kichwa." Akajigusa kichwa. "Binamu yangu, wiki hii, kwa simu, aliniambia: Dobrin, Hispania kichwa ni kinyume. Usiwachanganye. Fanya kama wao. Mimi ninafanya kama ninyi. Wewe unafanya kama sisi?"

Eladio akapeleka kichwa kushoto na kulia.

"Hufanyi," akasema Dobrin.

Eladio akakiinamisha juu na chini.

"Unafanya," akasema Dobrin.

Eladio akataka kukipeleka tena kushoto, akasita katikati. Walitazamana. Hapakuwa na njia ya kutoka humo kwa kichwa. Kila mmoja alikuwa amehama nyumba yake kwa adabu kwenda kumtembelea mwenzake, na wote wawili walikuwa wamekuta mlango umefungwa.

Mwishowe Eladio akainua kidole gumba.

"Ndiyo," akasema Dobrin. "Hicho ninacho."

Kuanzia hapo walitumia kidole gumba. Sehemu kumi na moja za kondoo zilitoka ndani ya dakika ishirini, na meza ya dirishani, ingawa ilikuwa imeshakula, iliagiza mbili za kugawana ili kuhakikisha kwamba kweli yupo.

Saa kumi na moja ukumbi ulikuwa mtupu. Ramiro aliweka mfuko wake wa vibao juu ya kaunta.

"Shangazi, zilikuwa trauti za Práxedes. Za Práxedes! Hilo si kosa?"

"Nilisema nini mimi?" akauliza Visi. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa vitunguu. "Nilisema kosa? Nilisema sahani iliyokataliwa. Imekataliwa sahani?"

"Haikukataliwa, lakini..."

"Basi funga mfuko wako. Nimesema nimesema. Na wewe," akamgeukia Dobrin, "unaanza Jumanne. Jumatatu utajifunza kwangu kwamba trauti ya Práxedes ina chumvi mno."

"Haina," akasema Dobrin. "Ni tamu sana."

"Nani kakuuliza?"

Dobrin alifikiri kidogo, akitafuta katika maneno yake yote mapya. "Mungu wangu," akasema, na akaenda kuosha vyombo, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuviosha.

Siku ya ishirini na mbili daktari wa Soria alimmulika Eladio kooni, akaridhika. Akamruhusu maneno kumi kwa siku kwa wiki ya kwanza. Eladio akasema "asante", na wote wawili wakaisikiliza sauti ile. Ilikuwa imetoka nyembamba, safi, bila mkwaruzo, kama ya karani wa posta. Nyuzi ni nzima, akasema daktari. Sauti ndiyo hii. Eladio akavaa koti lake. Alikuwa ameshajua kwamba kwa sauti ile hawezi kumtaja kondoo. Ukumbi ulikuwa umebaki na mdomo, ila haukuwa wake tena.

Kesho yake saa kumi aliketi meza nambari nne. Asubuhi alikuwa ameshatumia maneno manne kumwambia Visi kwamba kahawa hii ni baridi, na Visi alikuwa amejibu kwa maneno mengi zaidi. Dobrin akaja, shati jeupe jipya linalomtosha, akasimama mikono nyuma. Akavitaja vyakula vyote. Akapanda, akashuka, akakohoa mara mbili kabla ya dengu. Eladio alimsikiliza mpaka mwisho, kama mteja.

Halafu akasema, kwa ile sauti ya karani: "Supu ya saumu. Halafu kondoo. Divai."

Dobrin akaleta divai. Akaleta supu, inafuka moshi. Akaiweka mbele yake. Akarudi nyuma hatua moja, akasimama.

Eladio akatazama kushoto kwa bakuli. Akatazama kulia. Akahesabu kwa vidole chini ya meza, manne na sita. Yalikuwa kumi.

Akamtazama Dobrin. Dobrin alikuwa anatazama dari.

Eladio akainua bakuli kwa mikono miwili.